Fouga ya Kolwezi: Ndege ya Mafunzo katika Vita vya Katanga, 1961

Miongoni mwa silaha zilizotumika katika vita vya Kongo vya miaka ya 1960 hadi 1963, ni vigumu kuitaja iliyokuwa na umbo dogo na athari kubwa kama ndege moja ya mafunzo iliyokuwa ikiruka kutoka uwanja wa Kolwezi mwezi wa Septemba 1961. Ndege hiyo iliundwa Ufaransa ili vijana wajifunzie urubani. Haikuwa na rada, haikubeba mabomu makubwa, na mbele ya ndege halisi ya kivita isingefua dafu. Hata hivyo, kwa muda wa siku chache tu, iliwatia jeshi la Umoja wa Mataifa katika hali ya kutoweza kusogea mchana, ilichangia kutekwa kwa kikosi kizima cha askari wa Ayalandi, na ilimlazimu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa asafiri usiku kwa njia ya mzunguko, katika safari ambayo haikufika mwisho wake. Makala haya yanaeleza utumishi wa ndege hiyo, kisha yanauangalia tena ushahidi wa watu wa kawaida wa ukanda wa shaba, ambao kwa miaka mingi ulisikika lakini haukusikilizwa.

Kolwezi ni mji uliozaliwa na shaba. Ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga kuwa makao ya migodi yake ya magharibi, na kwa muda mfupi ukawa nguzo ya uzalishaji wa shaba na kobalti wa Katanga yote. Katika miaka ya 1950 mto Lualaba, unaopita karibu na mji huo, ulizibwa kwa mabwawa mawili ya umeme, Delcommune pale Nzilo na Le Marinel pale Nseke, ili kuendesha mitambo ya kuchimba na kusafisha madini. Wafanyakazi walitoka pande nyingi: Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini, na vijiji vya Walunda na Waluba vya karibu. Lugha iliyowaunganisha kazini na kambini ilikuwa Kiswahili, kile ambacho wataalamu wamekiita Kiswahili cha Katanga au Kingwana. Kwa hiyo yaliyotokea katika anga la Kolwezi yalishuhudiwa na kusimuliwa, kwa sehemu kubwa, kwa Kiswahili.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Serikali yake iliishi kwa kodi na ushuru wa Union Minière, na jeshi lake liliongozwa na maofisa wa Kibelgiji na baadaye na askari mamluki wa mataifa mbalimbali. Jeshi hilo lilihitaji ndege. Mwanzoni lilikuwa na ndege ndogo za abiria na za mawasiliano tu, ambazo hazikutosha kwa serikali iliyotaka kuheshimiwa kama dola.

Yafaa ikumbukwe hapa kwamba ndege za mafunzo hazikuwa ngeni Katanga. Kambi kubwa ya Kamina, iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikuwa na shule ya urubani ya jeshi la anga la Ubelgiji, na kwa miaka kadhaa kabla ya 1960 sauti ya ndege aina ya Harvard ilikuwa jambo la kila siku katika mbuga za huko. Harvard ni ndege iliyofunza maelfu ya marubani wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakiwemo waliopelekwa Rhodesia ya Kusini na Afrika ya Kusini kutoka Uingereza ili wajifunze mbali na mabomu ya Wajerumani. Baada ya vita, ndege hiyo ya shule ikawa ndege ya kivita ya maskini: serikali za kikoloni na serikali changa zilizokosa fedha au kibali cha kununua ndege za kisasa ziliitundikia bunduki na mabomu madogo, zikaituma dhidi ya watu wasiokuwa na ndege kabisa. Nayo Katanga ilikuja kuzitumia Harvard, hasa mwaka 1962. Lakini kabla ya hapo ilipata chombo cha kasi zaidi.

Ndege ya Fouga CM.170 Magister ilirushwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Julai 1952. Wahandisi wake, Robert Castello na Pierre Mauboussin, walikuwa wazoefu wa kuunda ndege zisizo na injini, na alama ya ufundi huo inaonekana katika mabawa marefu membamba na mkia wenye umbo la herufi V, mkia ambao uliifanya ndege hiyo itambulikane mara moja na yeyote aliyewahi kuiona. Ilikuwa na viti viwili, cha mwanafunzi mbele na cha mwalimu nyuma, na injini mbili ndogo za jeti aina ya Marboré. Kasi yake ilifikia takriban kilomita 700 kwa saa. Kwa kuwa wanafunzi walipaswa kujifunza pia kulenga shabaha, puani mwake palikuwa na nafasi ya bombomu mbili, na chini ya mabawa palikuwa na mahali pa kutundika makombora au mabomu madogo. Ufaransa, Ubelgiji, Ujerumani ya Magharibi, Ufini na Israeli zote ziliinunua kwa ajili ya shule zao. Ni kwa sababu hiyo hiyo ya kuitwa chombo cha shule kwamba iliwezekana kuiuza mahali ambapo ndege ya kivita isingeuzwa bila kelele.

Fouga tatu ziliwasili Elisabethville mwezi wa Februari 1961 zikiwa ndani ya ndege kubwa ya mizigo ya kampuni ya Kimarekani ya Seven Seas. Wakati wenyewe unaeleza mengi. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa Katanga tarehe 17 Januari, na habari za kifo chake zilitangazwa tarehe 13 Februari. Dunia ilikuwa katika hasira, na tarehe 21 Februari Baraza la Usalama likapitisha azimio lililolitaka jeshi la Umoja wa Mataifa lizuie vita vya wenyewe kwa wenyewe, hata kwa nguvu ikibidi, na lililodai kuondolewa kwa maofisa na mamluki wa kigeni. Wakati azimio hilo linaandikwa New York, ndege tatu za mafunzo zilikuwa tayari zinafunguliwa masanduku yake Elisabethville.

Maisha ya ndege hizo hayakuwa marefu. Moja ilianguka ajalini mwezi wa Juni 1961. Ya pili ilikuwa uwanjani Elisabethville tarehe 28 Agosti, siku ambayo majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliwakamata kwa ghafla maofisa wengi wa kigeni wa jeshi la Katanga, nayo ikatoka vitani siku hiyo. Ikabaki moja tu, yenye namba 93, na kituo chake kikawa Kolwezi.

Kuhusu uchaguzi wa kituo hicho, ramani inasema yote. Kutoka Kolwezi hadi Jadotville, mji unaoitwa Likasi hivi sasa, ni kama kilomita 140 kwa mstari ulionyooka. Hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi, ni kama 240. Na hadi kambi ya Kamina, iliyokuwa mikononi mwa Umoja wa Mataifa, hazizidi 240. Kwa ndege ya jeti hiyo ni safari ya dakika zipatazo 20 au pungufu. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshika viwanja vya Elisabethville na Kamina, lakini Kolwezi hapakuwa na askari wake hata mmoja. Mafuta, mafundi na karakana za kampuni ya madini vilikuwepo. Mji wa shaba ulikuwa, bila kukusudiwa, umejengwa katikati hasa ya uwanja wa vita.

Mapigano yalianza alfajiri ya tarehe 13 Septemba 1961, pale majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipojaribu kushika ofisi muhimu za Elisabethville. Mwakilishi wa Umoja wa Mataifa mjini humo, Conor Cruise O'Brien, alitarajia jambo fupi. Halikuwa fupi. Umoja wa Mataifa, wenye askari kutoka India, Uswidi, Ayalandi na nchi nyingine, haukuwa na ndege hata moja ya kupigana katika Kongo nzima. Ulikuwa na ndege za uchukuzi na helikopta. Fouga ya Kolwezi, iliyorushwa na rubani Mbelgiji José Magain, ilizikuta ndege hizo zikiwa zimeegeshwa Elisabethville na Kamina, ikazipiga risasi na kuziharibu kadhaa. Misafara ya magari ililazimika kujificha. Makamanda waliozoea kufikiria idadi ya vikosi walijikuta wakihesabu saa za mchana.

Palipoumia zaidi ni Jadotville. Kampuni ya askari wa Ayalandi wapatao 155, chini ya Commandant Pat Quinlan, ilizingirwa huko kuanzia tarehe 13 Septemba na askari wa Katanga walioizidi mara nyingi kwa idadi. Fouga iliwajia kutoka magharibi, ikatupa mabomu na kumimina risasi juu ya mahandaki yao na magari yao. Kikosi cha kuwaokoa kilikwama katika daraja la mto Lufira. Helikopta moja, iliyorushwa na rubani Mnorwe pamoja na mwenzake Mswidi, ilifanikiwa kupenya na kuwapelekea maji, lakini maji hayo yalikuwa yametiwa katika madebe yaliyowahi kubeba mafuta, na hayakunyweka. Tarehe 17 Septemba, wakiwa hawana maji wala risasi za kutosha, walijisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa Jadotville, jambo linalosifia uongozi wa Quinlan, ingawa kwa miaka mingi jeshi la nchi yao liliona haya kulizungumzia. Kuna kejeli ya historia hapa: mwaka 1975 jeshi la anga la Ayalandi lilinunua ndege za mafunzo kwa ajili ya marubani wake, na ndege zenyewe zilikuwa Fouga Magister. Zilitumika hadi mwaka 1999.

Wakati Quinlan anasalimu amri, Dag Hammarskjöld alikuwa Léopoldville akijiandaa kukutana na Tshombe mjini Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, ili kusimamisha vita. Ndege yake, DC-6 iliyoitwa Albertina, ilikuwa imepigwa risasi asubuhi hiyo hiyo kutoka ardhini huko Elisabethville, na ikatengenezwa. Tishio la Fouga lilikuwa akilini mwa kila mtu. Maombi ya kuleta ndege za kivita kutoka Ethiopia yalikwama kwa sababu Uingereza ilichelewa kutoa ruhusa ya kupita katika anga la Afrika ya Mashariki. Hivyo uamuzi ukawa kusafiri jioni, kutangaza safari ya uongo ya kwenda Luluabourg, kukaa kimya katika redio kwa sehemu kubwa ya njia, na kuizunguka Katanga kwa upande wa mashariki, kupitia pande za Ziwa Tanganyika. Njia hiyo ndefu ilichorwa kwa ajili ya ndege moja ya mafunzo.

Baada ya saa sita za usiku kwa saa za Ndola, tarehe 18 Septemba, rubani wa Albertina aliripoti kwamba anaziona taa za uwanja. Kisha kimya. Mabaki yalikutwa msituni, takriban kilomita 15 kutoka uwanjani. Ndani mlikuwa na watu 16. Mmoja tu, mlinzi Sajini Harold Julien, alipatikana hai, naye akafariki siku chache baadaye hospitalini Ndola. Mabaki yalionyesha kwamba magurudumu yalikuwa yameteremshwa na kwamba ndege ilikata vilele vya miti kwa mteremko mdogo, kama ndege inayojiandaa kutua. Kwa tume ya serikali ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland hilo lilitosha: rubani alikosea, alishuka chini kupita kiasi.

Je, Fouga ya Kolwezi ingeweza kufika Ndola? Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni kama kilomita 430 kwa mstari ulionyooka, yaani karibu 860 kwenda na kurudi. Kwa mafuta yake ya kawaida Fouga iliweza kuruka kama kilomita 900. Hesabu hiyo inaacha dakika chache mno za kuitafuta ndege nyingine gizani bila rada, na ni hoja yenye nguvu dhidi ya tuhuma. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba ndege iliondoka Kolwezi na kurudi Kolwezi. Katanga ilikuwa na viwanja vingine vya udongo vilivyo karibu zaidi na mpaka, na tena Fouga haikuwa ndege pekee: ndege aina ya Dornier Do 28, iliyouzwa na Ujerumani ya Magharibi, ilikuwa imekwisha kufika Katanga kabla ya usiku ule. Anayeuliza tu kama Fouga ilifika Ndola anauliza swali jembamba kuliko tukio lenyewe.

Hapa ndipo wanapoingia wachoma makaa. Msitu wa kando ya Ndola ulikuwa mahali pao pa kazi, na mchoma makaa hulala karibu na tanuri lake usiku kucha, kwani tanuri lisipochungwa huteketea lote. Kwa ufupi, walikuwa watu waliokuwa macho, nje, pasipo paa juu ya vichwa vyao, wakiangalia moto na anga. Kadhaa wao, pamoja na wakazi wengine wa kitongoji cha Twapia, akiwemo Timothy Kankasa ambaye baadaye alikuwa waziri katika Zambia huru, walieleza kwamba waliona ndege zaidi ya moja, kubwa na ndogo. Wengine walisema waliona mwanga au moto juu ya ndege kubwa kabla haijaanguka. Tume ya Shirikisho haikuwaamini. Ilitia shaka katika uwezo wao wa kutofautisha walichokiona, na ilidokeza kwamba wengine walisukumwa na siasa za kupinga Shirikisho. Isitoshe, baadhi ya waliofika mapema kwenye mabaki walihukumiwa kwa wizi wa vitu walivyookota, na mtu aliyewaona wenziwe wakipelekwa jela hawezi kutarajiwa kukimbilia kituo cha polisi kutoa habari.

Lugha nayo ilikuwa na sehemu yake. Kwa Kibemba, lugha iliyotawala mitaa ya Ndola, ndege ya kuruka na abiria huitwa indeke; ng'ambo ya mpaka, katika Kiswahili cha Katanga, watu husema ndeke, na Kilingala nacho kina ndeke. Kiswahili sanifu kina ndege, neno ambalo hubeba kiumbe na chombo kwa pamoja. Mzungumzaji wa lugha hizi hahitaji maneno mengi kuonyesha kama ndege fulani ni kubwa au ndogo, wala kama ilikuja kwa kasi au polepole. Mambo hayo huelezwa kwa viambishi, kwa tanakali za sauti, na kwa mkono. Ushahidi wa namna hiyo ulipopita kwa mkalimani mbele ya majaji wa Kizungu, ukaandikwa kwa Kiingereza cha mahakama, yaliyokuwa wazi yalitoka yakiwa na ukungu, na ukungu huo akahesabiwa nao shahidi. Tatizo hili halikuwa la Ndola peke yake. Yeyote aliyesoma masimulizi ya Kiswahili cha Katanga, kwa mfano maelezo ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi juu ya michoro yake ya historia ya Zaire ya miaka ya 1973 na 1974, anajua jinsi msimulizi anavyoweza kuwa makini sana katika lugha yake na kuonekana mzembe katika tafsiri.

Baada ya Ndola, ubabe wa Fouga ulikwisha haraka. Kusimamishwa kwa mapigano kulitiwa saini Ndola na Mahmoud Khiary wa Umoja wa Mataifa tarehe 20 Septemba. Ndani ya wiki chache ndege za kivita ziliwasili hatimaye: J 29 kutoka Uswidi, Canberra kutoka India, na F-86 kutoka Ethiopia. Mapigano yalipoanza tena mwezi wa Desemba 1961, Canberra zilishambulia uwanja wa Kolwezi. Katanga ilijitahidi kujenga upya jeshi lake la anga mwaka 1962, sasa kwa Harvard, zile zile ndege za shule za Vita Kuu ya Pili, lakini mwishoni mwa Desemba mwaka huo marubani wa Kiswidi walizikuta ndege za Katanga zikiwa ardhini, pale Kengere karibu na Kolwezi na kwingineko, na wakaziharibu nyingi. Tshombe alirudi nyuma hadi Kolwezi, akitishia kulipua mabwawa na mitambo ya madini. Tarehe 14 Januari 1963 alikubali kwamba kujitenga kumekwisha, na tarehe 21 Januari majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaingia Kolwezi. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yalibaki salama.

Uchunguzi wa kifo cha Hammarskjöld haukubaki ulipoachwa. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1962 ilikataa kufunga mlango: haikuthibitisha shambulio wala kulikanusha. Kitabu cha mwanahistoria Susan Williams cha mwaka 2011 kiliwarudisha mashahidi wa Kiafrika katikati ya habari, na mwaka 2013 tume ya wanasheria iliyoongozwa na Sir Stephen Sedley ikaona kwamba kuna sababu ya kufungua upya jalada. Mwaka 2014 ilitolewa barua ya siri ya balozi wa Marekani mjini Léopoldville, Edmund Gullion, aliyoiandika siku ile ile ya tarehe 18 Septemba 1961, akisema kwamba huenda ndege imeangushwa na rubani Mbelgiji aliyemtaja kwa jina. Jan van Risseghem, aliyefariki mwaka 2007, alikana kuhusika. Pia yuko ofisa wa zamani wa jeshi la majini la Marekani, Charles Southall, aliyesema kwamba usiku ule, katika kituo cha kusikilizia redio huko Kupro, alisikia sauti ya rubani akieleza jinsi anavyoishambulia ndege kubwa.

Kazi ya kuyapima hayo yote Umoja wa Mataifa uliikabidhi kwa Mtanzania, Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania hadi mwanzoni mwa mwaka 2017. Aliongoza jopo la mwaka 2015, kisha akaendelea peke yake na kutoa ripoti mfululizo. Ripoti yake ya mwaka 2017 ilisema kwamba inasadikika kuwa shambulio au tishio kutoka nje lilikuwa miongoni mwa sababu za kuanguka kwa Albertina, na ilikubali kwamba Katanga ilikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa anga kuliko ilivyodhaniwa mwaka 1961. Mashahidi wa Ndola hawakupuuzwa tena. Walihesabiwa kuwa mashahidi wenye thamani kama wengine, na wale waliokuwa hai bado wakahojiwa upya. Jaji Othman ameziomba serikali kadhaa zifungue majalada yao ya ujasusi na ya redio ya mwaka 1961, na katika ripoti zake zilizofuata amezitaja Marekani, Uingereza na Afrika ya Kusini kuwa nchi ambazo, kwa maoni yake, karibu kwa hakika zimehifadhi kumbukumbu muhimu ambazo hazijazitoa.